Miombo Inapochanganya Damu

Majiko ya Katanika, kama majiko mengi ya mji wa Kalemie mashariki mwa Kongo, yanawaka kwa makala, na makala hutoka msituni. Mwaka 2017, mapigano kati ya jamii za Watwa na Waluba yalipowaleta Katanika wakimbizi wa ndani wengi, haja ya kuni ilizidi. Inauma kuona miombo, miti ya msitu huo, ikiisha namna hiyo, kwa sababu ndani ya miti hiyo huenda mna kinga dhidi ya joto na ukame.

Brachystegia, jenasi kuu ya miombo, imewasumbua wataalamu wa mimea kwa miaka mingi. Spishi mbili zikiwa jirani, wadudu huhamisha chavua, na mche chotara huzaliwa: vijani vyake ni vingi kuliko vya mzazi mmoja, na vichache kuliko vya mwingine.

Mti hauwezi kuhama. Mche unaoota leo utalazimika kuvumilia hali ya hewa ya miongo mingi ijayo, na kungoja jeni mpya zijitokeze zenyewe huchukua vizazi. Kupokea jeni za jirani aliyekwisha kuzoea ukavu ni haraka zaidi. Chotara akizaa tena na spishi ya mzazi mmoja, jeni zinazofaa hubaki na zenye madhara hupungua.

Kahawa ndiyo ushahidi ulio wazi zaidi wa faida hiyo. Arabika ilitokana na robusta kuchanganyika na Coffea eugenioides, mti wa porini unaopatikana hadi mashariki mwa Kongo. Kisha, katika miaka ya 1920, kisiwani Timor, arabika ilichanganyika tena na robusta bila msaada wa mtu, ikapata ukinzani dhidi ya kutu ya majani. Damu hiyo imo ndani ya Ruiru 11, kahawa iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1985.

Si kila chotara hufaa. Wengine ni dhaifu au tasa, na spishi adimu inaweza kumezwa na jirani yake mwenye wingi.

Hata hivyo, Kalemie inaweza kuanza kuulinda uwezo huo wa miombo bila maabara. Mikaratusi hutoa kuni upesi, na familia zinazihitaji, lakini shamba la mti wa aina moja haliwezi kushika nafasi ya miombo. Visiki vya miombo huchipua vikikingwa na moto. Mbegu ndizo zenye shida: maganda hupasuka kwa kishindo wakati wa kiangazi na kuzirusha mita chache tu, kwa hiyo wachoma makala hawana budi kubakiza miti mikubwa ya spishi mbalimbali katika kila eneo wanalokata.