Dhoruba za Ziwa Victoria Zina Saa Zake

Bukoba na Musoma zinatazamana, moja magharibi mwa Ziwa Victoria na nyingine mashariki, zote zikiwa kusini kidogo ya ikweta. Jua linalozipiga ni lile lile na ziwa ni lile lile. Hata hivyo Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Musoma haifikii nusu ya hizo. Anayetaka kuelewa sababu aanze kwa kuuliza mvua hiyo hunyesha saa ngapi.

Maji hayapati joto upesi na hayapoi upesi. Kilo moja ya maji, ili ipande nyuzi moja ya joto, huhitaji zaidi ya mara nne ya kile kinachohitajiwa na kilo moja ya udongo mkavu. Isitoshe, mwanga wa jua hupenya majini na mawimbi huyachanganya, hivyo joto la mchana husambaa kwenda chini, wakati ardhini hubaki kwenye tabaka jembamba la juu. Ndiyo maana uso wa ziwa hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi karibu mwaka mzima, huku nchi kavu ikiungua saa nane mchana na kupoa sana ifikapo alfajiri.

Mchana, basi, nchi kavu huwa na joto kuliko ziwa. Hewa iliyo juu yake hupanuka, huwa nyepesi, hupanda, na hewa ya ziwani yenye unyevu huvuma kuja kujaza nafasi. Upande wa mashariki upepo huo wa ziwa hupanda miinuko ya Kericho, Nandi na Kisii na kukutana na upepo wa kawaida wa mashariki unaotoka Bahari ya Hindi. Pepo mbili zikigongana hivyo hazina pa kwenda ila juu. Wakulima wa chai wa Kericho wanayajua matokeo yake: alasiri yenye ngurumo, na mvua ya mawe inayochana majani.

Usiku mambo hugeuka. Nchi imepoa, ziwa bado lina joto. Hewa nzito ya baridi huteremka mabondeni kutoka kwenye miinuko, mashariki na magharibi, na kuingia ziwani kutoka pande zote. Zinakokutana, hewa vuguvugu iliyojaa mvuke husukumwa juu. Sasa ongeza ule upepo wa mashariki, ambao haulali. Unaungana na upepo wa nchi kavu wa upande wa Musoma na kuyasukuma makutano hayo kuelekea magharibi. Dhoruba inayoanza kujijenga kati ya ziwa usiku wa manane hukua njiani, na kufikia alfajiri imelala juu ya visiwa vya Ssese na pwani ya Kagera. Bukoba hunyeshewa asubuhi, na mvua ya asubuhi ndiyo inayoijalia kahawa na migomba yake.

Ndani ya wingu la namna hiyo, mvuke unapogeuka matone hurudisha joto lililotumika kuuvukiza. Hewa inayopanda inapata joto hilo, inabaki nyepesi kuliko hewa inayoizunguka, na inazidi kupanda, pengine hadi kilomita 15 na zaidi. Huko juu ni baridi ya kugandisha. Chembe nyepesi za barafu hugongana na punje nzito zaidi. Mara nyingi nyepesi hubeba chaji chanya kwenda kileleni na nzito hubaki chini na chaji hasi. Tofauti hiyo ikikua kupita kiasi, radi hupiga.

Lakini kwa mtu aliye kwenye mtumbwi, radi siyo hatari pekee, na nadhani siyo kubwa kuliko zote. Mvua inayoanguka hupitia hewa kavu chini ya wingu, sehemu yake huvukizwa, na hewa hiyo hupoa ghafla. Ikishapoa huwa nzito, huporomoka, hugonga uso wa maji na kutawanyika mbele ya mvua yenyewe. Mchana mvuvi angeona mstari mweusi wa maji yaliyokunjamana ukimjia kwa kasi. Mvuvi wa dagaa huvua usiku, tena usiku usio na mwezi, kwa kuwa taa zake huvuta samaki vizuri gizani. Yeye hupata dalili mbili tu: nyota za upande mmoja zinapotea, na baada ya utulivu wenye joto, upepo wa baridi unampiga usoni. Kufikia hapo ana dakika chache, na pengine mwalo uko mbali.

Wasafiri wa angani nao wamo. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, kabla ya saa tatu, ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua Bukoba ilianguka ziwani wakati wa mvua na hali mbaya ya hewa, na watu 19 walifariki.

Kwa hatari kama hizi, utabiri usemao "mvua na ngurumo katika baadhi ya maeneo" haumsaidii mtu anayesukuma mtumbwi majini saa moja usiku. Anahitaji kuambiwa sehemu gani ya ziwa, saa ngapi, na mawimbi ya kimo gani. Jambo hilo linawezekana. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji walionyesha kwa picha za setilaiti kwamba dhoruba kali za usiku ziwani hufuata kwa kiasi kikubwa dhoruba za mchana kwenye nchi kavu. Alasiri ya ngurumo nyingi miinukoni ni onyo la usiku unaokuja, na onyo hilo hufika saa kadhaa kabla. Rada ya Mwanza huyaona matone yakikusanyika, na taasisi za hali ya hewa za Tanzania, Kenya na Uganda zimeshirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kupitia mradi wa HIGHWAY, kutoa utabiri mahususi wa ziwa.

Hitaji hilo litaongezeka. Kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke. Utafiti ule wa Thiery na wenzake ulikadiria kwamba utoaji wa gesi joto ukiendelea kwa kiwango cha juu, ongezeko la mvua kubwa kupindukia kufikia mwisho wa karne litakuwa juu ya ziwa karibu mara mbili ya lile la nchi kavu inayolizunguka. Mvua hizo zitaendelea kushuka usiku, wakati taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, kwa hiyo taarifa inapaswa kufika mialoni kabla ya magharibi, kwa simu, kwa redio na kwa bendera, katika lugha wanayozungumza wavuvi.