Unayemuuliza ni dada au muuzaji?

Majengo, Mpanda, mama mwenye kichanga hamuulizi kila mtu. Humuuliza jirani aliyelea wanne wakakua. Ndiyo maana mwenye duka naye humfuata huyohuyo: yasifie haya maziwa ya kopo, kila utakayemleta una chako.

Kula kamisheni si kosa. Dalali wa nyumba anakula, na kila mtu anajua. Ubaya ni pale anayeuliza anapodhani anaongea na dada yake, kumbe anaongea na muuzaji.

Kwa maziwa ya mtoto jambo hili ni zito. Tangu 1981 kanuni za Shirika la Afya Duniani zinakataza kuyatangaza kwa akina mama, au kuwapa wahudumu wa afya chochote ili wayasifie. Mtoto akizoeshwa chupa kabla ya miezi 6, maziwa ya mama hupungua. Pesa ikikata, kwenye chupa maji huzidi unga. Aliyeshauri keshachukua chake.

Angeweza kusema tu, “Nikikupeleka duka lile napewa kitu.” Mama angeamua mwenyewe, au angepita kwanza kliniki kumuuliza nesi.