KUJIPIGA FOTO: TAZAMA KWANZA MIGUU YAKO IKO WAPI

Ndugu mfanyakazi, kazi imekwisha. Ungali na kofia na buti, na nyuma yako kuna shimo kubwa la mgodi ambalo bibi yako hajaliona hata siku moja. Unatoa telefone mfukoni, unanyoosha mkono, unacheka. Unataka tu watoto waone pahali baba anapotafuta mkate wao. Nia hiyo si mbaya. Lakini je, umetazama unakokanyaga?

Kujipiga foto si jambo la leo. Mwaka 1839, mjini Philadelphia, Marekani, Robert Cornelius aliweka chombo chake cha foto, akakaa mbele yake, akatulia. Foto ile ingali inahifadhiwa. Yeye alichagua pahali kwanza, kisha akapiga. Sisi tunafanya kinyume: tunapiga huku tunarudi nyuma, macho yamekwama kwenye uso wetu wenyewe.

Waganga wa Uhindi walichunguza habari za magazeti ya nchi nyingi, tangu Oktoba 2011 mpaka Novemba 2017. Walikuta watu 259 waliokufa wakijipiga foto, wengi wao vijana. Walioongoza ni waliozama majini, waliogongwa na magari au treni, na walioanguka toka juu.

Kwetu sisi, hatari ni hizi:

1. Kamio. Jicho la mbele la telefone linakusanya vitu vingi na kuvifanya vidogo. Kamio iliyo karibu inaonekana iko mbali. Na dereva, huko juu alipokaa, haoni mtu aliyesimama karibu na magurudumu.

2. Ukingo wa shimo. Udongo wa ukingoni unaweza kukatika bila kukuonya, zaidi wakati wa mvua. Hatua moja ya kurudi nyuma inatosha.

3. Baruti. Telefone inatoa mawimbi. Pahali panapotegwa baruti ya kuwashwa kwa umeme, mawimbi hayo ni hatari. Usiingie nayo.

4. Reli. Waya wa treni ya umeme ya Katanga ulijengwa kwa volti 25,000. Kijana anayepanda juu ya behewa ili apate foto ya kusifiwa si lazima auguse: umeme wa nguvu hiyo unaweza kumrukia. Usiseme waya umelala. Uhesabu kila siku kuwa una umeme.

Basi ufanye nini? Kazini, fuata amri ya pahali pako juu ya telefone. Ukitaka foto, ngoja utoke, simama penye usalama, mbali na magari, kisha umpe mwenzako akupige. Yeye ataona kilicho nyuma yako. Ukijipiga mwenyewe, simama kwanza, geuka utazame nyuma, ndipo uinue mkono. Usitembee mpaka telefone irudi mfukoni.

Nanyi mama na watoto mlio kambini, mna kazi yenu. Baba akituma foto aliyopiga ukingoni mwa shimo, msimsifu. Mwulizeni: «Ulikuwa umesimama wapi?» Sifa za nyumbani ndizo zinazompeleka kesho hatua moja mbele zaidi.

Foto nzuri ni ile ambayo mwenyewe anarudi nyumbani kuionyesha.