Saa Elfu Kumi Hazitoshi Kumfanya Mpiga Fidla

Mwaka 1993 mwanasaikolojia K. Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Waliobainika kuwa bora zaidi walikuwa, kufikia umri wa miaka 18, wamefanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa saa 7,400 hivi; wale waliokuwa wakisomea ualimu wa muziki hawakufika hata nusu ya hizo. Hapo ndipo ilipozaliwa ile kanuni maarufu kwamba saa elfu kumi za mazoezi humfanya mtu kuwa bingwa, ambayo Ericsson mwenyewe hakuikubali kwa namna ilivyoenezwa. Kisha mwaka 2019 watafiti Brooke Macnamara na Megha Maitra waliurudia utafiti huo Marekani, wakakuta kwamba wapigaji bora kabisa hawakuwazidi saa wale waliokuwa wazuri tu. Bila saa nyingi mtu habishi hodi katika fani hii, hilo halina ubishi. Lakini mlango ukishafunguliwa, kinachowatenganisha wanafunzi ni kitu kingine, na kwa maoni yangu sehemu yake kubwa ni sikio la mwalimu. Shingo ya fidla haina alama za kuonyesha pa kuweka kidole. Kidole kikisogea upana wa unyuzi tu, sauti imepotoka, na mtoto anayejifungia chumbani kurudia upotofu huo kila siku anauzoesha mkono wake kosa.

Mtazame mpiga fidla Hilary Hahn, Mmarekani aliyezaliwa 1979. Alianza fidla mjini Baltimore kabla hajatimiza miaka minne, akakaa miaka mitano kwa Klara Berkovich, mwalimu aliyetoka Umoja wa Kisovieti. Akiwa na miaka kumi alipokewa katika chuo cha Curtis, Philadelphia, akawa mwanafunzi wa Jascha Brodsky, mzee aliyekwisha kupita miaka themanini. Hakubadilisha mwalimu mkuu hadi Brodsky alipofariki mwaka 1997. Ni kweli kwamba alipanda jukwaani mapema: mwaka 1991 alipiga na okestra ya Baltimore, na 1995 alipiga koncheto ya Beethoven nchini Ujerumani chini ya kondakta Lorin Maazel. Hata hivyo, linalonivutia zaidi ni jambo lisilotajwa sana. Alipokuwa na miaka 16 alikuwa amekamilisha masharti ya chuo, lakini akaendelea kusoma hadi 1999, ingawa tayari alikuwa na mkataba wa kurekodi. Vijana wengi wangeondoka siku ileile.

Atakayepinga atamtaja mpiga fidla Yehudi Menuhin, aliyepiga koncheto hiyohiyo ya Beethoven katika ukumbi wa Carnegie mwaka 1927, akiwa na miaka 11, na kuishangaza New York. Kipaji cha namna ile hakifundishwi, nakubali. Lakini Menuhin alipokuwa mtu mzima mkono wake wa upinde ulianza kumsumbua, ikambidi achambue upya mambo aliyokuwa akiyafanya kwa silika tu, na mwaka 1963 akafungua Uingereza shule ya wanamuziki watoto. Mfano wake, basi, hauibomoi hoja yangu. Pingamizi zito zaidi ni la fedha, kwa maana mwalimu wa kila wiki kwa miaka kumi na mitano ni gharama isiyobebeka kwa familia nyingi. Curtis haijatoza ada ya masomo tangu 1928, na bila vyuo vya aina hiyo hoja hii ingekuwa porojo za matajiri. Hata pale ambapo chuo kama hicho hakipo, mzazi mwenye kidogo anaweza kuchagua pa kukipeleka. Fidla ya mtoto hukodishwa na kubadilishwa kadiri mikono inavyorefuka, kwa hiyo asikimbilie kununua chombo cha bei. Fedha hizo amlipe mwalimu anayesikiliza.