Maradhi ya Castleman: Mbiu Isiyonyamaza (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi Benjamin Castleman, bingwa wa elimu ya maradhi katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, alivyoandika mwaka 1956 habari za wagonjwa 13 ambao tezi za limfu zilikuwa zimewavimba kifuani hata zikadhaniwa saratani, ilhali hazikuwa saratani. Leo tutazame fumbo lililobaki: yawaje tezi moja iliyojificha kifuani imtie mtu homa, imkondeshe na kumpunguzia damu, kisha yote hayo yamwondokee mara tezi ile ikatwapo?

Jawabu lilitoka Japani. Mwaka 1986 Toshio Hirano, Tadamitsu Kishimoto na wenzao wa Osaka waliitambua barabara sitokini iitwayo intalukini-6. Na sitokini ni protini ndogo ambazo chembe za mwili huzitoa ili kupashana habari, mfano wa mbiu ya mgambo, ambayo ikilia kwa dharura watu hukusanyika, lakini mpigaji asiponyamaza hata jambo likiisha, mji mzima hufadhaika. Mwaka 1989 Kazuyuki Yoshizaki na wenzake walidhihirisha kwamba tezi za wagonjwa wa Castleman zilikuwa zikitoa intalukini-6 pasi na kukoma. Na mgonjwa mmoja mwenye tezi moja tu, alipopasuliwa, kiasi cha intalukini-6 kilishuka katika damu yake, naye akapata nafuu.

Ikifika kwenye ini, intalukini-6 huliamrisha litengeneze homoni iitwayo hepsidini, ambayo huyazuia madini ya chuma yasitoke katika akiba yake, kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa damu ingawa chuma kimo mwilini mwake, wala vidonge vya kuongeza damu havimfai sana. Ikizifikia chembe nyeupe za damu ziitwazo limfositi za B, huzihimiza zigeuke chembe za kutengeneza kingamwili. Na ikishirikiana na sitokini nyingine, iitwayo kwa herufi VEGF, mishipa midogo huvujisha maji yakajaa miguuni na tumboni.

Ama wenye tezi nyingi zilizovimba, kisu hakiwaponyi. Baadhi yao, aghalabu wenye VVU, wana virusi vya herpesi vya nane, vile vile viletavyo saratani ya Kaposi, navyo vimeenea sana katika Afrika ya Mashariki, hususan Uganda. Virusi hivi vina hila ya ajabu: hujitengenezea intalukini-6 yao wenyewe, inayofungua mlango wa chembe bila kuhitaji kipokezi cha kawaida. Kwetu, homa na mitoki hudhaniwa upesi kuwa kifua kikuu, na kipande cha tezi kisipokatwa kikatazamwa kwa hadubini, dhana hiyo haipingwi na mtu.

Wasio na virusi hivyo wamepata siltuksimabu, dawa inayoinasa intalukini-6, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014. Katika majaribio yake, wagonjwa 18 kati ya 53 walipata nafuu ya kudumu, na katika 26 waliopewa dawa bandia hakupata hata mmoja. Ni ushindi, illa waliobaki ni wengi mno kwa mtu kusema intalukini-6 ndiyo asili ya yote. Miongoni mwa wagonjwa ambao dawa hiyo haikuwafaa alikuwamo David Fajgenbaum, tabibu wa Philadelphia, aliyechunguza damu yake mwenyewe, akaona dalili za njia nyingine ya kupitisha habari ndani ya chembe, iitwayo mTOR, na mwaka huo huo wa 2014 akaanza kunywa sirolimusi, dawa ya zamani ya waliopandikizwa figo. Habari za njia hiyo zitafuata katika sehemu ya tatu.