Mota, betri na bonasi: hesabu ya mashine za kuchuma chai Kericho na Bomet

Kwa miaka mingi mashine ya kuchuma chai ilikuwa mali ya makampuni makubwa. Ilianza kuzoeleka katika mashamba ya Kericho miaka ya 2000: watu wawili wakiishika huku na huku ya safu, injini ya petroli ikinguruma, mfuko wa majani ukifuata nyuma. Leo biashara imemfikia mkulima mwenye ekari moja au mbili. Zipo sokoni mashine za mkono za mtu mmoja, upana wa makali takriban sentimita 30, zikiendeshwa na mota ndogo na betri inayobebwa mgongoni. Muuzaji hutaja wati na bei. Mnunuzi hulinganisha wati na bei. Na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu mambo yanayoamua kama mashine italipa hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi.

Kinachomsukuma mkulima ni gharama ya uchumaji, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika kazi ya shambani. Kenya ilizalisha takriban kilo milioni 598 za chai iliyosindikwa mwaka 2024, na sehemu kubwa ilitoka kwa wakulima wadogo. Kilo moja ya chai hiyo huhitaji kilo nne na nusu hivi za majani mabichi, na kila jani lazima lichumwe na mtu au likatwe na chuma. Tuchukue mfano wa mkulima anayevuna kilo 3,000 za majani mabichi kwa ekari kwa mwaka na kuwalipa wachumaji shilingi 10 kwa kilo. Hizo ni shilingi 30,000. Mwenye ekari moja akinunua mashine ya peke yake, huenda akakaa muda mrefu kabla ya kuona faida. Majirani watano wakichanga, au kijana mmoja akiinunua na kuzunguka na kikosi chake akichuma kwa malipo, hesabu inabadilika. Ndiyo maana mashine hizi zinafaa kutazamwa kama chombo cha kukodisha, kama ilivyo trekta, na chombo cha kukodisha hupimwa kwa saa kinazofanya kazi bila kusimama.

Petroli na mwinuko

Injini ndogo za petroli zilizotangulia ni za mipigo miwili, zinazochanganyiwa oili kwenye tangi. Zina sifa ambayo betri haijazifikia: tangi likiisha, unajaza kwa dakika mbili na kuendelea. Mafundi wa pikipiki na wa misumeno ya miti wanazifahamu, na plagi au kabureta hupatikana bila safari ya Nairobi.

Lakini eneo la chai la Kericho na Bomet liko juu, sehemu kubwa ikiwa karibu na mita 2,000 au zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 20, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Kabureta iliyotegwa kwa ajili ya nyanda za chini itamimina petroli kupita kiasi: plagi inashika masizi, moshi unaongezeka, mashine inakosa pumzi kwenye safu nzito. Injini iliyoandikwa nguvu fulani kiwandani haitatoa nguvu hiyo Kapkoros, kule Bomet.

Kuna jambo la pili, na kwa mwenye kiwanda ni kubwa zaidi. Majani ya chai hunasa harufu upesi. Oili iliyovuja au petroli iliyomwagika mfukoni huweza kuharibu majani ambayo yatachanganywa na ya majirani kwenye lori moja.

Mota ya umeme haivuti hewa kutengeneza nguvu, kwa hiyo mwinuko hauipunguzii chochote kwa upande huo. Hewa nyepesi huiathiri kwa njia nyingine, kwa kuipoza vibaya. Viwango vya kimataifa vya mota huchukulia kazi isiyozidi mita 1,000 na joto lisilozidi nyuzi 40. Bahati ya Kericho ni baridi yake. Nyuzi 20 na kitu za mchana hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Mota: mzunguko si nguvu

Mota za mashine hizi ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya kaboni, ambamo vipande vya kaboni husugua sehemu inayozunguka ili kupitisha umeme. Ni rahisi, huanza kwa nguvu hata ikiwa imebebeshwa mzigo, na fundi wa dinamo anaijua. Udhaifu wake ni kwamba kaboni huisha, na vumbi lake likichanganyika na unyevu huleta hitilafu. Ya pili haina kaboni. Kontrola ya kielektroniki ndiyo inayopokezana umeme kati ya koili. Hutumia betri vizuri zaidi na hudumu, lakini kontrola ikifa, mota nzima inakuwa chuma tu.

Katika aina zote mbili, tarakimu ambayo mnunuzi angepaswa kuuliza ni mizunguko kwa kila volti. Mota iliyofungwa koili chache za waya mnene huzunguka kasi sana na kudai ampea nyingi ili kusukuma mzigo. Yenye koili nyingi za waya mwembamba huzunguka polepole lakini kila ampea hutoa msukumo mkubwa zaidi. Wanaotengeneza magari madogo ya rimoti ya kupanda miamba hutafuta hii ya pili, na mkata chai naye aitafute, maana shida zao zinafanana: kazi ya mwendo mdogo yenye mikwamo ya ghafla. Makali yakikutana na kijiti kigumu, mota ya kasi hukwama, na ni hapo inapoungua.

Hesabu yake si ngumu. Mota ya volti 24 yenye ukinzani wa omu 0.3 ikikwama kabisa huweza kuvuta ampea 80, ilhali kazi ya kawaida ilihitaji tano au sita. Joto kwenye waya huongezeka kwa mraba wa mkondo: ampea zikizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Gia nzuri ya kupunguza mwendo huiokoa mota kuliko wati za ziada. Anayepewa nafasi ya kuchagua kati ya mota kubwa yenye gia dhaifu na mota ya wastani yenye gia imara za chuma, achukue ya pili.

Kontrola ndiyo inayolinda pesa

Sehemu ambayo wauzaji huitaja kwa nadra ni kontrola. Kazi yake ya kwanza ni kukata umeme mota inapokwama, ndani ya sekunde, kabla ya koili kuungua. Ya pili ni kushikilia mwendo uleule mzigo unapobadilika. Hii inagusa ubora moja kwa moja. Makali yakipunguza kasi kwenye majani mazito, hayakati, yanararua. Jani lililoraruliwa huanza kubadilika rangi kuwa kahawia likiwa bado mfukoni, kwa sababu uchachushaji ambao ungefanyika kiwandani kwa kipimo umeanzia shambani bila kipimo.

Katika mota zisizo na kaboni, kontrola hujua mahali rota ilipo kwa njia mbili: kwa sensa zilizowekwa ndani ya mota, au kwa kukisia kutokana na umeme unaorudishwa na koili. Yenye sensa huanza taratibu hata makali yakiwa tayari ndani ya majani. Isiyo na sensa hutetemeka mwanzoni na huweza kugoma. Gharama ya sensa ni nyaya nyembamba tano na plagi yake, na Kericho hupata mvua inayokaribia au kupita milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi zikinyesha alasiri. Plagi iliyoachwa wazi ndiyo itakayoharibika kwanza. Fundi makini huipaka grisi ya umeme, huifunga kwa raba ya joto na kuelekeza mdomo wake chini. Mnunuzi naye atazame kama kontrola imezungushiwa gundi au imefungwa kwenye kisanduku kisichopitisha maji. Mashine ya chai itakutana na umande kila asubuhi.

Betri: soma mara mbili

Betri ya volti 24 na ampea-saa 12 ina wati-saa 288. Mashine ikitumia wastani wa wati 120, hizo ni saa mbili na dakika 24 kwenye karatasi. Ukiacha akiba ili usiiue betri, panga saa mbili. Siku nzima ya kazi basi inadai betri mbili au tatu, na mwenye kukodisha aziweke kwenye bei tangu mwanzo.

Umeme wenyewe ni wa bei ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Hata ukiuhesabu kwa shilingi 30 kwa uniti na kuongeza upotevu wa chaja, kujaza betri hiyo hugharimu kama shilingi 10. Injini ndogo inayokunywa nusu lita kwa saa, petroli ikiwa shilingi 180, hula shilingi 90 kwa saa kabla ya oili. Gharama halisi ya mashine ya umeme ni kuchakaa kwa betri. Ikiwa betri imenunuliwa kwa shilingi 12,000 na kuvumilia kuchajiwa mara 500, kila chaji imekula shilingi 24 za betri, zaidi ya mara mbili ya bei ya umeme ulioingia.

Hivyo aina ya seli ni swali la faida. Seli za lithiamu za kawaida ni nyepesi, jambo lenye uzito kwa anayepanda mteremko na mzigo mgongoni. Seli za lithiamu na fosfeti ya chuma ni nzito kiasi, lakini huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi na ni vigumu zaidi kushika moto. Betri za asidi zisifikiriwe: uzito wake utamwondoa mchumaji shambani kabla ya saa sita.

Kituoni na mahakamani

Hesabu zote hizi hufika mwisho kwenye kituo cha kununulia majani. Viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, wakala wa wakulima wadogo wa chai, vimejengwa juu ya kanuni ya majani mawili na chipukizi, na karani ana haki ya kukataa majani makavu au yenye vijiti. Tofauti ya bonasi, malipo ya mwisho wa mwaka kwa wakulima, kati ya mashariki na magharibi ya Bonde la Ufa imekuwa chanzo cha malalamiko ya miaka mingi, na uchumaji wa mashine ni miongoni mwa sababu zinazotajwa upande wa magharibi. Mashine inaweza kukata kwa unyoofu pale tu uso wa chai umesawazishwa na mzunguko wa kupogoa umefuatwa. Kwenye safu zenye mabonde, hata mota bora italeta mabua.

Nyuma ya soko hili kuna watu wanaopoteza kibarua. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za Ekaterra, iliyokuwa biashara ya chai ya Unilever, na jopokazi la Kaunti ya Kericho lilikadiria kuwa ajira 30,000 hivi zilikuwa zimepotea kwa mashine katika mwongo mmoja. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kimepigana na makampuni kuhusu suala hili mahakamani kwa miaka. Mashine ndogo haiondoi mgogoro huo, ila inabadilisha anayemiliki. Kikosi cha wachumaji watatu kinaweza kununua chombo ambacho zamani ni kampuni pekee ingekimudu, mradi kipate mkopo wa sako na kilipwe kwa kilo zilizokubaliwa kituoni.

Pengo lililobaki ni la huduma. Mafundi wa Litein, Kapkatet na Sotik wanaijua petroli; wachache wanaweza kupima seli moja iliyokufa ndani ya pakiti, au kubadilisha sensa ya mota bila kubadilisha mota. Vyuo vya ufundi vya kaunti hizi mbili vingeweza kulifundisha hilo kwa kozi fupi, na waingizaji wa mashine wangefaidika kwa kuligharamia. Msimu wa majani mengi, mashine iliyolala wiki moja ikingoja kontrola kutoka Nairobi imekula faida ya miezi. Mkulima atakayekumbuka hilo atanunua ya pili kwa muuzaji mwenye rafu ya spea karibu na kituo chake, hata kama bei yake iko juu.