Magoti ya Wazee Wetu: Tunarithi Nini?

Mara nyingi tunawaona wazee wetu wakipanda ngazi za nyumba za Mji Mkongwe huku wameshika ukuta, au wakiomba kiti msikitini kwa kuwa hawawezi kukaa tahiyatu. Wako wanaosema ni baridi yabisi, na wengine husema ni jicho la watu. Katika makala hii tutaeleza sababu moja isiyoonekana kwa macho: maumbile tunayorithi kwa wazazi.

Gegedu ni nini?

Pale mifupa inapokutana, kama gotini, ncha zake zimefunikwa na gegedu, yaani ule mfupa laini unaoteleza, tunaouona hata kwenye mguu wa kuku. Sehemu yake kubwa ni maji. Kinacholipa nguvu ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni ya aina ya pili. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hivyo likilika haliponi kama kidonda cha ngozi. Likimalizika, mfupa husuguana na mfupa, na hapo ndipo maumivu huzidi.

Kamba na herufi

Kolajeni ni mfano wa kamba ya makumbi wanayosokota mama zetu wa shamba: nyuzi tatu zimesokotwa pamoja. Maelekezo ya kuitengeneza yamo ndani ya jeni, nayo ni kama maandishi marefu. Sisi wanafunzi wa madrasa tunajua kuwa herufi moja ikikosewa, maana hugeuka. Katika jeni ni hivyo hivyo.

Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani walieleza habari za familia moja ambayo watu wake waliumwa viungo mapema mno. Herufi moja tu ya jeni ya kolajeni hiyo ilikuwa imebadilika, na pahala pa 519 katika uzi pakakaa sisteini badala ya arginini. Kamba yao ilikuwa na kasoro tangu kuzaliwa.

Je, sote tumo hatarini?

Familia za namna hiyo ni chache. Wengi wetu hurithi tofauti ndogo ndogo, na kila moja huongeza hatari kidogo tu. Uchunguzi wa mapacha wanawake uliotolewa Uingereza mwaka 1996 ulionesha kuwa urithi unachangia baina ya asilimia 39 na 65 ya tofauti za watu katika ugonjwa huu wa mikono na magoti. Sehemu iliyobaki ni mambo mengine: uzito wa mwili, kuumia mpirani, na kazi za kuinama na kubeba mizigo kwa miaka mingi, kama magunia ya mwani kule Paje na Jambiani. Umri nao huzidisha.

Tufanye nini?

Kwanza, tusimtuhumu jirani kwa maradhi ya mzee. Pili, ambaye bibi na mama yake wanaumwa magoti asikate tamaa. Apunguze uzito, atembee, na akiumia goti asilipuuze. Tatu, tusiwanunulie wazee vidonge vya maumivu kiholela, kwani vinaweza kudhuru tumbo na figo. Tuwapeleke kwa daktari.

Na mzee asiyeweza kusimama, dini imemruhusu kuswali amekaa. Tumwekee kiti kwa heshima. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.